Leta, kuya: amri za Kiswahili zilivyonyooshwa Kongo

Yangambi iko ukingoni mwa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa Kisangani. Wabelgiji walipoanzisha INEAC mwaka 1933, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa na kituo chake kikuu cha utafiti hapo, kazi ilikuwa ya michikichi, kahawa na mpira. Kazi ya shamba ina maneno yake: lima, beba, pima. Kwa watu wengi, limeni, bebeni, pimeni. Kitenzi cha kawaida cha Kiswahili hakidai zaidi ya hapo.

Lugha yenyewe ilifika eneo hilo kabla ya Wabelgiji wa INEAC. Ililetwa na misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye Mfalme Leopold II alimteua kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887. Vita vya 1892 hadi 1894, dola ya Leopold dhidi ya wafanyabiashara wa Zanzibar, vilivunja utawala wa wafanyabiashara hao, lakini lugha haikufukuzwa. Jeshi la kikoloni likashika Kilingala, na mpaka leo Kisangani huzungumza zote mbili.

Wakoloni nao walijifunza Kiswahili ili waamrishe. Nchini Kenya, F. H. Le Breton alitoa kitabu mwaka 1936 na kutaja wateja wake waziwazi: wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mtumishi hakutajwa, yeye kazi yake ilikuwa kusikia.

Kanuni ya lima, beba na pima inavunjika kwenye amri zinazotumika kila saa. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha kuanzia 1930, kinasema njoo, nenda, lete. Kihispania kina ugonjwa huohuo: habla na come hufuata kanuni, lakini "njoo" ni ven, "fanya" ni haz, "sema" ni di. Neno linalotamkwa sana huota ukaidi.

Kongo wameutibu. Kuanzia Lubumbashi hadi Bukavu utasikia leta, na anayeitwa huambiwa kuya. Watu waliojifunza lugha wakiwa kazini, kutoka makabila mbalimbali, hawakuwa na sababu ya kubeba vighairi vya pwani.

Walimu wa sanifu huita hilo kosa. Kwa sarufi, leta ndiyo iliyo sawa na lima na pima. Lete ndiyo iliyokengeuka. Mwalimu, sahihisha daftari kama mtihani unavyotaka, lakini mweleze mwanafunzi hivyo pia.