Mwezi Unang'aa kwa Sababu Si Laini

Tunauita mwezi mweupe, lakini uso wake hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga wa jua. Ni mweusi karibu kama lami iliyochakaa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hadithi za watu waliobishana na vitabu hunivutia. Hii inaanza na Galileo. Mwaka 1610 alitangaza kwamba ameona milima mwezini kwa darubini. Wafuasi wa Aristotle wakakataa: vitu vya mbinguni ni kamilifu, mwezi lazima uwe laini. Usipokuwa laini kama kioo, utang'aaje?

Jibu lake katika kitabu cha 1632 halihitaji digrii. Tundika kioo ukutani, juani, kisha usimame uani, popote isipokuwa pale kioo kinapotupa mwanga. Kinachong'aa zaidi ni ukuta! Kioo hutupa mwanga upande mmoja tu. Ukuta wenye mikwaruzo huutawanya kila upande. Mwezi ungekuwa mpira wa kioo, tungeona kinukta kimoja tu cha mwanga. Yaani ile kasoro waliyoikana ndiyo inayotuwezesha kuuona.

Lakini ngoja. Mwezi mpevu una eneo lenye mwanga mara 2 ya mwezi nusu, ilhali unang'aa takriban mara 10. Kwa nini? Hapa mikwaruzo hiyohiyo inafanya kazi ya pili: kuficha mwanga. Mwezi ukiwa nusu, jua huupiga kutoka ubavuni, na kila jiwe, kila chembe ya vumbi, ina kivuli tunachokiona. Ukiwa mpevu, jua liko nyuma yetu, na kila chembe inakificha kivuli chake.

Hugo von Seeliger alieleza hivyo kuhusu pete za Zohali mwaka 1887. Tom Gehrels akaona mng'ao huo wa ghafla kwenye asteroidi Massalia, 1956. Kufikia 1963, Bruce Hapke alieleza kwamba uso wa mwezi lazima uwe vumbi lenye matundu mengi.

Sasa ikawa suala la uhai. Thomas Gold alikuwa ameonya kwamba vumbi hilo huenda ni la kina kirefu. Je, chombo kingezama na watu wake? Tarehe 3 Februari 1966, Luna 9 ya Wasovieti ilitua, haina mtu ndani. Haikuzama.

Vumbi lilikuwepo kweli, kama vivuli vilivyosema. Miaka 3 baadaye, binadamu wakalikanyaga.