Tabia ya Mtu na Ulaji wa Rushwa: Habari za Francis Bacon, 1621

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya kitu anachopewa mtu wa cheo kwa siri. Lipo rushwa, neno lililotoka katika Kiarabu. Lipo mlungula, na chauchau, na chirimiri. Lipo na hongo, ambalo katika karne ya 19 lilikuwa ushuru wa wazi uliotolewa na wenye misafara kwa watawala wa njiani, hasa katika nchi ya Ugogo, kabla ya maana yake kuteremka. Majina ni mengi, lakini kitendo cha apokeaye aghalabu ni kimoja: hula. Naye alaye huongozwa na njaa au uroho. Hivyo lugha imekwisha kutoa hukumu juu ya tabia ya mtu huyo kabla mwanahistoria hajafumbua kinywa: ni mwenye tamaa. Yafaa kuipima hukumu hiyo kwa habari za hakimu mmoja wa Uingereza, ambaye kesi yake imehifadhiwa katika maandishi pamoja na maungamo yake mwenyewe.

Francis Bacon alizaliwa mwaka 1561. Baba yake alikuwa mtunza muhuri wa Malkia Elizabeth, lakini alipofariki mwaka 1579 mtoto huyo mdogo alipata urithi haba. Tangu hapo maisha yake yote yalikuwa ya kukopa. Mwaka 1598 alikamatwa kwa ajili ya deni. Alipanda vyeo polepole mpaka mwaka 1613 akawa Mwanasheria Mkuu, 1617 mtunza muhuri kama baba yake, na 1618 Lord Chancellor, hakimu wa juu katika mahakama ya Chancery. Nyumba yake ilijaa watumishi waliovaa vizuri kuliko kipato cha bwana wao kilivyoruhusu. Aliwapenda, aliwaachia, hakuwauliza hesabu. Waswahili humwita mtu wa namna hiyo mwenye mkono wazi, na ni sifa njema. Lakini mkono uliokunjuliwa kwa kutoa huwa umekunjuliwa vilevile kwa kupokea.

Mwezi wa Machi 1621 Bunge lilianza kuchunguza mahakama. Mtu mmoja, Christopher Aubrey, alilalamika kwamba alimpa Bacon pauni 100 kesi yake ikiwa bado haijakwisha. Mwingine, Edward Egerton, kwamba alimpa pauni 400. Jambo la ajabu, ambalo limewasumbua waandishi mpaka leo, ni kwamba wote wawili hawakupata walichokitaka. Bacon alipokea fedha zao na kisha akaamua kinyume chao. Rowland Egerton, mpinzani wa Edward, naye alikuwa ametoa pauni 300. Bacon alikiri kuzipokea, ila alieleza kwamba zilifika baada ya uamuzi. Mashtaka yaliongezeka hata yakawa 28. Bacon aliyajibu moja moja kwa maandishi, akaungama. Malodi waliotumwa kumwuliza kama sahihi ile ilikuwa yake walipata jibu la ndiyo. Tarehe 3 Mei 1621 alihukumiwa faini ya pauni 40,000, kifungo katika Mnara wa London kwa muda wapendavyo mfalme, na kutoshika tena cheo wala kukaa Bungeni. Kifungo kilikuwa cha siku chache tu, na faini mfalme hakuitaka.

Wako wanahistoria wasemao kwamba Bacon alitolewa kafara, kwa kuwa wajumbe walimkasirikia kipenzi cha mfalme, Buckingham, wasiweze kumgusa. Tena desturi ya wakati ule iliruhusu zawadi nyingi, maana mshahara wa ofisa wa serikali ulikuwa mdogo. Yote mawili yana kweli ndani yake. Lakini hayo yanaeleza kwa nini Bacon alishtakiwa, na kwa nini wengine hawakushtakiwa. Hayaelezi kwa nini yeye, aliyeandika mwaka 1612 kwamba mtu wa cheo aifunge mikono yake na ya watumishi wake, na hata ya hao wenye shida wasithubutu kuleta kitu, hakuifunga yake.

Ufunguo uko katika maneno aliyoyaandaa mwezi wa Aprili alipokwenda kuonana na Mfalme James. Aliipanga rushwa katika daraja tatu. Ya kwanza ni kupatana bei na mtu ili kupotosha haki kesi ikiendelea. Katika hiyo, alisema, moyo wake haukuwa na doa. Ya pili ni hakimu kupokea akidhani kesi imekwisha, pasipo kuuliza sawasawa. Hapo alikubali kwamba huenda alikosa. Ya tatu ni kupokea baada ya kesi kwisha, na hiyo hakuiona kuwa kosa. Baadaye alidai kwamba alikuwa hakimu wa haki kuliko wote wa miaka hamsini, na papo hapo kwamba hukumu aliyopewa ilikuwa ya haki. Wengi wamecheka dai hilo. Halichekeshi. Bacon aliamini kwa dhati kwamba akili yake ilikuwa juu sana hata fedha isiweze kuifikia; basi fedha ikiingia mfukoni, ilimdhuru nini? Daraja yake ya pili, ile ya kutouliza, ndiyo tabia yake nzima: hakuwauliza watumishi, hakuuliza kama kesi imekwisha, wala hakujiuliza mwenyewe.

Mbele yake katika Bunge lile alikuwako Edward Coke, hasimu wake wa miaka mingi. Walikuwa wamegombea vyeo vilevile, hata mjane mmoja tajiri, ambaye Coke alimwoa mwaka 1598. Coke alikuwa mtu mkali wa ulimi. Namna alivyomtukana Walter Raleigh katika kesi ya mwaka 1603 ni aibu kusoma. Alipenda mali, akanunua mashamba mengi, akafa tajiri. Kama tamaa ndiyo mama wa rushwa, Coke ndiye angalikuwa mlaji. Walakini hakuna aliyemthibitishia kupokea kitu katika kesi, na mwaka 1616 alifukuzwa katika ujaji kwa sababu hakukubali kuinamisha sheria mbele ya mfalme. Coke aliiona sheria kuwa kubwa kuliko akili ya mtu yeyote, yake ikiwamo. Hakujidhania kuwa yu salama nje yake.

Sura nyingine ya jambo hili yaonekana kwa Samuel Pepys, karani wa Bodi ya Manowari tangu 1660, mtu mwenye mpango na bidii, asiye mbadhirifu kama Bacon. Katika kitabu chake cha kila siku, tarehe 3 Aprili 1663, aliandika jinsi nahodha mmoja aliyemsaidia kupata kazi ya kukodi vyombo vya Tangier alivyompa barua. Pepys alijua mna fedha. Hakuifungua mpaka alipofika ofisini, na alipoifungua hakutazama ndani mpaka fedha zote zilipokwisha kutoka, ili akiulizwa aweze kusema kwamba hakuona fedha katika karatasi. Zilikuwa sarafu moja ya dhahabu na pauni nne za fedha. Mwenye tamaa tupu angalitazama kwanza.

Mwanzoni mwa karne ya 21 wataalamu wa elimu ya nafsi Kibeom Lee na Michael Ashton walipendekeza tabia kuu sita za binadamu badala ya tano zilizozoeleka. Hiyo ya sita waliipa jina la uaminifu na unyenyekevu, wakaweka ndani yake unyofu, uadilifu, kujiepusha na tamaa, na kutojikweza. Ni kweli kwamba maswali yanayoulizwa watu walio hai hayawezi kuulizwa wafu, na mwanahistoria asiyakimbilie. Hata hivyo kuyafunga uaminifu na unyenyekevu katika kitanzi kimoja kunawafaa Bacon na Pepys kuliko lilivyo neno kula. Kosa lao lilianzia katika kujiona: mmoja alijiona hanunuliki, na mwingine alijiona mwerevu kuliko atakayemwuliza.

Bacon aliishi miaka mitano baada ya hukumu, akiandika vitabu kwa bidii na kuomba msaada kwa mfalme. Alifariki tarehe 9 Aprili 1626. Mali yake ilipohesabiwa, haikutosha kulipa madeni.