Nani Anabaki na Simba?

Simba, kijibwa changu, alianza kuhara damu Jumapili usiku. Asubuhi daktari wa mifugo akasema ni parvo, akamwekea dripu mguuni. "Hii haiui virusi," akaniambia. "Inarudisha maji, mwili upate muda wa kupigana." Kodi ya nyumba ikaenda hivyo.

Nikiwa pale kwa benchi nikaanza kusoma kwa simu. (Chuo niliacha, kusoma sikuacha.) Kumbe parvo si ugonjwa wa kale. Ilienea duniani mwaka wa 1978, ikaua mbwa wengi sana, hasa wadogo, kabla chanjo yake haijapatikana. Dripu ndiyo ya zamani. Mwaka wa 1832, kipindupindu kikimaliza watu Uskoti, daktari Thomas Latta wa Leith alimtia bibi kizee mmoja maji ya chumvi kwa mshipa. Bibi alikuwa amekauka, mapigo ya moyo hata hayasikiki. Painti sita baadaye, uso ukarudi rangi, akasema hana shida tena.

Latta akaona mambo sawa, akaenda zake. Kutapika na kuhara kukarudi, hakuongezewa maji, na kwa saa chache tu akafa.

Hapo nikasimama kuangalia chupa ya Simba. Kliniki ilikuwa inafungwa saa mbili usiku. Nikauliza nani anabaki naye.

"Hakuna."

Nikaomba nionyeshwe kubadilisha chupa. Ile ya kwanza iliisha saa tisa usiku. Nilikuwa macho.