Wilbaro na Mifereji ya Mwea



Zamani mzigo katika nchi hii ya Kirinyaga ulisafiri kwa mgongo wa binadamu. Mama zetu walibeba kuni kwa mkanda uliopita kichwani, na uzito wote ukawa juu yao. Wachina walikuwa na gari la gurudumu moja yapata miaka 1,800 iliyopita. Ulaya likaenea baada ya karne ya 12. Huku kwetu likaitwa wilbaro.

Hekima yake ni ndogo lakini ni kubwa. Gurudumu liko mbele, mikono iko nyuma, mzigo uko katikati. Gunia la kilo 90 likiwekwa theluthi moja ya urefu kutoka kwenye gurudumu, mikono huinua kilo 30 tu za uzito wake. Zilizobaki hubebwa na gurudumu. Tena, kwa kuwa gurudumu ni moja, wilbaro hupita juu ya kingo nyembamba za mashamba ya mpunga, mahali ambapo mkokoteni hauwezi kupita.

Lakini chombo hakiulizi ni nani anayekitumia. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ilianza kazi ya kuchimba mifereji ya Mwea ili kuleta maji ya mito Nyamindi na Thiba. Waliochimba ni watu wa Mau Mau waliozuiliwa kambini. Udongo mwingi waliuchimba na kuuondoa kwa nguvu za mikono, bila hiari yao. Mzigo usukumwao kwa hiari huleta riziki. Usukumwao kwa amri ni adhabu, hata gurudumu likiwa jepesi namna gani.

Bwawa la Thiba, lililofunguliwa mwaka 2022, lilijengwa kwa mitambo mikubwa. Hata hivyo, wilbaro lingali likifanya kazi Wang'uru, likichukua mpunga, mbolea na mitungi ya maji, nalo humpatia kijana chakula cha siku.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tusiuone mwepesi mzigo wa waliotutangulia. Wale waliochimba wanazidi kupungua kila mwaka. Kila mzee anayekumbuka na awaeleze vijana, kabla hajaondoka, ni mikono ya nani iliyoleta maji haya shambani.