Msamiati wa utumwa katika simulizi ya Swema

Swema, binti wa Kiyao, alisimulia maisha yake kwa wamisionari wa Kikatoliki wa Zanzibar, na simulizi hiyo ikachapishwa Paris mwaka 1870. Imepita mikononi mwa padri na mchapishaji, hivyo sauti yake haikutufikia ikiwa safi. Hata hivyo, simulizi hiyo ni darasa bora la msamiati mzito, kwa sababu kila neno linabeba tukio.

Neno la kwanza ni deni. Mama yake Swema alishindwa kulipa, na mtoto akachukuliwa na mfanyabiashara. Hapo msomaji anaelewa kwamba utumwa haukuanzia vitani tu. Mama alifuata msafara kwa hiari, akaishiwa nguvu na kuachwa njiani. Swema alifika Kilwa, kisha Zanzibar, ambako alizikwa akiwa hai kabla ya kuokolewa.

Kwa msomaji wa Shinyanga na Geita, neno msafara lina historia ya karibu. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Speke alitoka Tabora akapita Usukuma hadi Ziwa Victoria. Katika njia hizo, pagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma alibeba mzigo kwa ujira. Mateka alitembea bila ujira wala ridhaa. Kuchanganya maneno hayo mawili, pagazi na mateka, ni kuwadhulumu wote wawili.

Utumwa huo ulikomeshwa kwa hatua. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Katika Tanganyika, hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.