Kisu cha Kukunja na Mikono ya Amani

Mwaka 1902 yalitokea mambo mawili ambayo sijawahi kuyaona yakiandikwa kwenye ukurasa mmoja. Huku Usambara Mashariki, milimani juu ya Muheza, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, chini ya Franz Stuhlmann. Kule kwao, katika mji wa Solingen unaosifika kwa visu na panga tangu zama za kale, kulianza kutengenezwa kisu cha kukunja cha bei nafuu, kilichokusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Koloni kubwa kuliko yote lilikuwa hili letu. Kisu kikaitwa Okapi.

Taasisi imeandikiwa vitabu. Kisu kimeachiwa kutu.

Nimeyaweka mambo haya pamoja kwa sababu ya swali la kawaida kabisa: mtu anayeishi Amani, au anayepanda huko mara kwa mara, anunue kisu gani cha kutembea nacho kila siku, kisichotoboa mfuko, si kwa ncha wala kwa bei? Swali dogo hilo, lakini ukilifuata vizuri linakupeleka mbali.

Tuanze na jina. Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo. Wenyeji walimjua tangu enzi na enzi, ila wanasayansi wa Ulaya walimtambua rasmi mwaka 1901, kwa juhudi za Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Waingereza kule Uganda. Haukupita muda, mnyama akawa chapa ya biashara. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda. Hata lile ua dogo la zambarau la misitu yetu, ambalo leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya, kitaalamu lilipewa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliyelipeleka Ujerumani miaka ya 1890. Aliyemwonyesha njia ya kufika kwenye ua hakupewa hata jani.

Wala Usambara haikuwa nchi isiyojua chuma. Jirani kabisa, Upareni, ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na chuma cha Upare kilifika hadi kwa Wachaga na Wamasai. Kisu cha mhunzi kilikuwa na mpini na ala, kikaning'inia kiunoni. Ukikutana na mwenzio njiani unajua kabisa amebeba nini. Kisu cha kukunja ni kitu kingine, maana kinataka mfuko, na mtu aliyejifunga shuka hana mfuko. Mfuko ulikuja na kaptula na koti, yaani nguo za mtu wa kazi ya mshahara. Kwa hiyo kisu cha mfukoni ni kisu cha kibarua tangu asili yake.

Na vibarua walipatikanaje? Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ulianzishwa utaratibu wa kipande: mwanamume alitakiwa amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Kazi zenyewe nyingi zilikuwa za makali. Katani ilikatwa kwa kisu. Mpira, ule wa mti uliotoka Brazili ambao ni ndugu wa muhogo, uligemwa kwa njia iliyopewa jina la shamba la Lewa: gome linapakwa maji ya kugandisha utomvu, linachomwachomwa kwa ncha ya kisu, utomvu unaganda palepale shinani, kisha unaviringishwa kama mpira wa watoto. Hapo hakuna mashine. Ni mtu na kisu chake, mti baada ya mti, mpaka bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 na mashamba yakaachwa.

Vita vilipozuka mwaka uliofuata na meli za Waingereza zikafunga bahari, Amani iligeuzwa kiwanda. Kwinini ya askari wa Kijerumani ilitoka kwenye magome ya miti iliyopandwa hukuhuku. Wataalamu walijua namna ya kuitoa dawa kwenye gome. Lakini gome halijivui lenyewe, bwana.

Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916, na baadaye wakaifufua kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo H. H. Storey na wenzake walipopambana na magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Walifika hadi kuuzalisha muhogo pamoja na ule mti wa mpira uliokuwa umetelekezwa, ili kupata mbegu inayostahimili. Uzao wa kazi ile ulifika Nigeria na ukawa msingi wa mihogo bora ya Afrika Magharibi. Ni jambo kubwa, na sina nia ya kulipunguza. Ila kila mche mpya wa muhogo ulitokana na pingili, na kila pingili ilikatwa na mtu. Storey tunaye kwenye maandishi. Wakataji hatunao.

Ndiyo maana naona kuchagua kisu ni jambo la historia pia. Vigezo vyake vimewekwa na mikono hiyo, na bado vinafanya kazi.

Cha kwanza ni chuma. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hauishi. Okapi ya asili ni chuma cha kaboni. Kinashika kutu upesi, lakini kinanoleka upesi pia, hata kwa jiwe la mtoni. Visu vingi vya bei rahisi kwenye gulio vinang'aa na havishiki kutu. Tatizo ni kwamba chuma chake ni laini, leo kinakata, kesho butu. Mimi nachagua chenye kutu ninayoweza kuifuta. Kipanguse, kipake mafuta ya kula, basi. Na kama unakwenda kupasua fenesi, kipake mafuta kabla, maana ulimbo wake ukiingia kwenye bawaba utakifungua kwa meno.

Cha pili ni kifungo. Kisu kisichojifunga kikiwa wazi kitakurudia vidoleni siku unayochimbua kitu kigumu. Okapi ina springi mgongoni na kipete kidogo; ukivuta kipete, kisu kinaachia. Ni ufundi mwepesi ambao fundi yeyote wa baiskeli anauelewa. Opinel ya Wafaransa, iliyoanza mwaka 1890, ni kisu cha wakulima kama hiki, mpini wa mti na chuma chembamba, na pete yake ya kufungia iliongezwa mwaka 1955. Ukikipata kwa bei ya kawaida, chukua. Kile chekundu cha Uswisi chenye vifaa kumi ni kizuri kwa mwenye nafasi, lakini hata chenyewe kisikutishe: visu vya kwanza vya askari wa Uswisi, mwaka 1891, vilitengenezwa Solingen, kwa sababu viwanda vya kwao vilikuwa havijaweza.

Cha tatu ni urefu. Makali ya urefu wa kidole cha kati yanatosha kumenya machungwa ya Muheza, kukata kamba ya katani, kubandua mdalasini na kufungua gunia. Zaidi ya hapo unatisha watu. Tusijidanganye, kukunjika kumekipa kisu hiki sifa mbaya pia. Afrika Kusini na Jamaika, Okapi ilipata jina la kisu cha wahuni, kwa vile ilikuwa rahisi kununua na rahisi kuficha. Kinachomsaidia maskini kazini ndicho hichohicho kinachopatikana maskini anapogombana. Usikifungue mbele za watu bila sababu, na ukimpa mtu, mpe kikiwa kimekunjwa.

Cha mwisho ni bei. Tunaambiwa rahisi huvunja upishi, na mara nyingi ni kweli. Kwa kisu cha kila siku mimi napima hivi: kiwe cha bei ambayo kikidondoka mtoni Sigi nitasikitika lakini sitalala njaa. Kisu ghali hukaa kabatini, na kisu cha kabatini hakimenyi chungwa.

Okapi haitengenezwi tena Ujerumani. Tangu mwaka 1988 inatengenezwa Afrika Kusini, kwa hiyo kisu kilichobuniwa ili kiuzwe kwa Waafrika sasa kinatoka kwenye kiwanda cha Afrika. Pale Amani, msitu ni hifadhi tangu mwaka 1997, na miti ya bustani ya Wajerumani bado imesimama, mingi ikijulikana kwa majina ya Kilatini.

Kiswahili kina msemo: yeye kashika mpini, mimi nimeshika makali. Tunautumia kwa mtu asiye na la kusema mbele ya mwenye nguvu. Historia iliyoandikwa ya Amani imesimuliwa na walioshika mpini wa namna hiyo. Mpini wenyewe, ule wa mti, ulioshikwa kutwa nzima mvuani, ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine.