Mto Simiyu ndani ya vitabu vya Misri

Kiangazi kikikolea, Mto Simiyu hubaki mchanga mtupu. Watu huchimba vidimbwi katikati ya mkondo, wakasubiri maji yachuruzike, ndipo wateke. Masika yakiingia, mto huohuo hufurika kuanzia nyika za Serengeti, ukaenda kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Ni mto wa msimu. Lakini mwaka 1878 kilitoka kitabu kilichowaambia wasomaji wa Ulaya na Marekani kwamba Nile, upande wa kusini kabisa, inaanzia kwenye mto huu.

Kitabu hicho ni Through the Dark Continent cha Henry Morton Stanley. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874, akapita Ugogo na Iramba, akaingia Usukuma na kufika Kagehyi, kando ya Ziwa Victoria, mwishoni mwa Februari 1875. Wapagazi walikuwa wamebeba mashua yake, Lady Alice, vipande vipande. Tarehe 8 Machi iliteremshwa majini, ikaelekea mashariki, na muda si mrefu Stanley akafika kwenye mlango wa mto aliouandika "Shimeeyu". Aliunganisha mto huo na mito aliyoivuka akitoka Iramba, akahitimisha kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia.

Alikosea. Leo chanzo cha mbali zaidi upande wa kusini kinatajwa kuwa Burundi, katika maji yanayoishia Mto Kagera. Mjerumani Burkhart Waldecker alikionyesha mwaka 1937, na pale Rutovu ikajengwa piramidi ndogo ya mawe. Hata hivyo, hoja ya Stanley ina ukweli usiopingika: maji ya Simiyu huingia ziwani, na ziwa huimwagia Nile pale Jinja.

Swali la chanzo cha Nile ni la kale. Herodotus, Mgiriki aliyezuru Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, aliwauliza makuhani wa huko, wala hakupata jibu la kumtosheleza. Karne ya 2 baada ya Kristo, Ptolemy, aliyeandika akiwa Alexandria, alitaja maziwa yanayoizaa Nile, na Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa Misri vilikuwa na habari za upande wetu karne nyingi kabla shule ya kwanza haijafunguliwa Usukuma. Jambo hili linastahili kuwa katika kila somo la mafarao.

Ninaourudia kila mara, lakini, ni mwaka wenyewe wa 1875. Aprili, mwezi mmoja tu baada ya kutoka Simiyu, Stanley alikuwa katika ikulu ya Kabaka Mutesa, Buganda. Hapo alimkuta Ernest Linant de Bellefonds, Mfaransa aliyekuwa akiitumikia Serikali ya Misri. Kumbe Misri ilikuwa inalisogelea ziwa kutoka kaskazini! Mwishoni mwa mwaka huohuo Khedivu Ismail, mtawala wa Misri, alituma meli hadi Barawa na Kismayu, zilizokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, akitafuta njia ya kutoka pwani hadi maziwa makuu. Barghash aliwalalamikia Waingereza, na Wamisri wakaondoka.

Na mwaka huohuo, Novemba, Ismail aliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa pauni milioni 4. Alikuwa amezama katika madeni, na nyuma ya madeni hayo kulikuwa na pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata pamba ya huko. Bei ya pamba ya Misri ikapaa, na Ismail akakopa kama mtu anayeamini haitashuka. Ilishuka. Mwaka 1876 Misri ilishindwa kulipa, na 1882 majeshi ya Uingereza yakaikalia. Mkulima wa Maswa au Itilima anayeijua pamba, anayejua msimu mmoja unavyoweza kuezeka nyumba na unaofuata ukauza ng'ombe, ataielewa sura hii kuliko profesa.

Matokeo ya Uingereza kuikalia Misri yalitufikia. Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, ilikubaliana na Misri kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile, pamoja na maziwa yanayoilisha, isifanyike bila ridhaa ya Misri. Hakuna Msukuma aliyeulizwa. Tarehe 4 Julai 1962 Serikali ya Tanganyika chini ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba nchi huru haifungwi na makubaliano hayo. Naona huo ni mmoja wa maamuzi makubwa kuliko yote katika historia ya maji yetu, na ni nadra kuusikia ukitajwa mitaani Bariadi.

Uamuzi huo ulizaa mabomba. Tanzania ilipoanza mradi wa kupeleka maji ya ziwa Kahama na Shinyanga, Misri ilinung'unika. Mradi ukaendelea na kuzinduliwa mwaka 2009. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Sasa upo mradi mwingine wa kuyaleta maji hayo Busega, Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Na tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba wa pamoja wa bonde la Nile, ambao Tanzania iliutia saini Entebbe mwaka 2010, ulianza kufanya kazi. Misri na Sudan hazimo.

Walimu wa historia wa Simiyu, mkifika kwenye sura ya Misri, msianze na piramidi. Tundikeni ramani ukutani, mwiteni mwanafunzi mbele, aweke kidole Magu, penye mlango wa mto wake, halafu afuate maji hadi Cairo.